Kahawa ya Kopo Hailiwi

Rafiki yangu, wewe unayekalia kigoda changu pale maabara sasa hivi, haya nakuandikia wewe kwanza kwa sababu najua utasoma mpaka mwisho na hutamkimbilia mtu na nusu ya habari. Wengine niliwasimulia kwa mdomo, kila mmoja akaondoka na kipande alichokipenda. Wewe nakupa yote, na pale nilipokosa mimi sitaruka.

Barua niliyopewa inasema nimepunguzwa. Padre alipotangaza kanisani alisema nimestaafu. Mimi namfuata Padre. Nina miaka arobaini na mbili, na migomba yangu hapa Nyabiyonza imeniona mchana wa siku ya kazi kwa mara ya kwanza tangu mwaka sabini na nane. Bado inanishangaa. Habari za vyeo sitaandika. Zingeenea nyuma ya stempu.

Mwaka huo wa sabini na nane niliingia hospitali yetu kuosha vyupa. Nilikuwa na darasa la nne, mume mkulima, na binti yangu Adela mgongoni. Mkuu wa maabara alikuwa Mzee Ishengoma, mtu wa Muleba, Mlutheri, mrefu mpaka anainama mlangoni. Koti lake jeupe lilikuwa na kifungo kimoja, na hicho kimoja kilikuwa cha koti jingine. Nikapiga goti nikamwamkia.

“Shikamoo.”

“Marahaba. Unajua kusoma?”

“Kidogo, waitu,” nikasema, neno letu la heshima.

“Kuhesabu?”

“Kuhesabu najua.”

“Basi kusoma kutakuja kwenyewe. Laza mtoto pale kwenye boksi la pamba, uje uone.”

Hadubini ilikuwa moja, ya jicho moja, na chini ina kioo cha kunasa jua la dirishani. Siku za mawingu magonjwa hayakuonekana, ingawa wagonjwa walikuja vilevile. Mzee alitumia jicho la kushoto tu. La kulia alilifumba nusu, kama mtu anayelenga ndege. Akanisogeza.

“Unaona nini?”

“Mawe ya mtoni.”

“Hayo mengi ni chembe nyekundu, wapagazi tu. Tafuta moja kubwa, ina madoa ya zambarau.”

“Nimeiona.”

“Huyo ni askari. Chembe nyeupe. Sasa nisikilize, nakwambia mara moja tu. Askari haji bure. Ukiona askari wengi, jua adui yupo na wanapigana naye. Ukiona wachache, kuna amani, ugonjwa katafute mahali pengine.”

Alisema ataniambia mara moja. Aliniambia kila siku kwa miaka tisa.

Kabla mwaka haujaisha vita vya kweli vikafika, vile vya mpakani, na sisi huku tukawa tunasikia mizinga kama mtu anahamisha makabati mbinguni. Maabara ilikuwa na mashine ndogo ya kuhesabia, unabonyeza kwa kidole gumba, namba inaruka. Gari lililopeleka damu kwa majeruhi liliondoka nayo, haikurudi. Mzee alisema imekufa vitani, akaandika barua kuomba nyingine. Barua nayo nadhani ilikufa vitani.

Sasa utahesabuje? Usiniambie kwa mdomo. Kwetu huwezi kukaa dakika kumi bila mtu kupita mlangoni akakusalimia, na ukimsalimia mtu kwa heshima zote, nyumbani hamjambo, watoto hawajambo, ng’ombe hawajambo, ulikuwa askari wa arobaini na tatu au wa thelathini na nne? Mzee ndiye aliyepata dawa. Kopo la kulia limejaa kahawa, kopo la kushoto tupu. Jicho halitoki kwenye hadubini. Ukiona askari mmoja, mkono unahamisha punje moja. Mtu akisalimia, unaitikia. Mwisho unamwaga kopo la kushoto mezani, unahesabu punje.

Utauliza kwa nini ilikuwa amwani, kahawa ya kutafuna iliyochemshwa na majani yake na kukaushwa, ile ya kumkaribishia mgeni, na si kahawa mbichi. Kahawa mbichi siku zile ilikuwa mali ya ushirika. Ukikutwa nayo kwenye kopo bila maelezo unaulizwa ilikuwa inaelekea mpaka gani. Amwani haiulizwi, iko kila nyumba. Tukafikiri tumekwepa matatizo.

Alikuja mzee mmoja kutoka Kaisho, amemleta mkwe wake shingo imekakamaa, homa, hata mwanga hautaki. Daktari alimchoma mgongoni akatoa maji ya uti, yakaja na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Mzee Ishengoma akahesabu. Akamwaga kopo mezani: punje chache. Akayainua yale maji kwenye mwanga, akatazama punje, akatazama maji tena. Haviendi pamoja. Akageuka. Yule mgeni wa Kaisho alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na kopo la kushoto, anatafuna taratibu, kwa adabu, kama mtu aliyekaribishwa vizuri.

“Mzee mwenzangu,” Ishengoma akamwambia, “unatafuna nini?”

“Amwani yako, waitu. Imechemshwa vizuri.”

“Hizo ulizokula ni chembe za mkwe wako.”

Yule mzee akazitema mkononi akamrudishia. Tulihesabu upya, askari wakawa tele, yule mkwe akapata sindano za homa ya uti wa mgongo, akapona. Kila msimu wa maharage yule mzee akawa analeta kikapu, na kila alipofika alikaa mbali na meza.

Siku hiyo ndipo ilipotoka sheria, Mzee akaibandika ukutani kwa mwandiko wake wa kulala. Kahawa ya mfukoni inaliwa. Kahawa ya kopo hailiwi. Anayemwona mwenzake anaila aseme papo hapo, hata kama anayekula ni askofu.

“Wa kwenu au wa kwetu?” nikamuuliza.

“Wa kwenu. Wa kwetu hana tabia hiyo.”

Jioni nilikwenda masomo ya watu wazima, kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Nikamaliza la saba, nikaendelea kwa posta. Asilimia nilizielewa kwa kahawa kabla sijazielewa ubaoni. Mzee aliponiona mkono unahamisha punje upesi kuliko wake alisema, “Nyie Wakatoliki mna faida, mmezoea rozari.” Nikamwambia rozari ni hamsini na tisa tu, hata homa ya kawaida inaipita. Akacheka mpaka hadubini ikatikisika, tukarudia slaidi.

Mwaka wa tano akaja Deo, wazazi wake wametoka Rwanda zamani wakalima Kaisho, yeye akaona afadhali kuosha vyupa kuliko kuchunga ng’ombe wa watu. Deo alikuwa na mdomo. Tukawa watatu: Mzee anajua, mimi nahesabu, Deo anasema.

Ilikuwa mwaka wa tisa, wakati wa masika, jua linakuja na kwenda. Mzee alikuwa anahesabu damu ya mtoto. Jicho la kushoto liko pale pale, mkono wa kulia unahamisha. Nikaona mkono wa kushoto unaingia kwenye kopo la kushoto, unatoa punje, unaipeleka mdomoni. Akatafuna. Baada ya muda, nyingine. Jicho halikutoka. Alipomaliza akahesabu zilizobaki, akaandika namba kwenye daftari, akapiga mstari chini yake kwa rula.

Sheria iko ukutani, juu ya kichwa chake. Inasema hata askofu. Lakini askofu sikumwogopa, askofu hakunifundisha kitu. Huyu ndiye aliyeiandika. Nikanyamaza. Alipotoka kwenda kunywa chai nikarudia slaidi, nikasahihisha namba, na pembeni nikaweka msalaba mdogo kwa penseli, nijue mwenyewe. Nikamwombea Salamu Maria moja. Nilijisikia nimefanya tendo jema, nakwambia ukweli.

Wiki ile misalaba ilikuwa miwili. Mwezi uliofuata niliacha kuihesabu, nikawa naiweka tu.

Na si hesabu peke yake. Alianza kuamka na kichwa kinamuuma, anatapika asubuhi, akifika kazini kimepungua. Alivaa kandambili mguu mmoja na kiatu mguu mwingine. Alimwambia Sista mkuu wa wauguzi, mbele ya watu, kwamba ananuka vitunguu, na Sista kweli alikuwa ananuka vitunguu, lakini Mzee Ishengoma tuliyemjua asingesema. Deo akaniita nyuma ya tangi la maji.

“Mama Adela, Mzee anakunywa.”

“Hanywi. Hata rubisi ya harusini anaishika tu.”

“Basi ni mawazo.”

“Basi ni mawazo. Tumsaidie.”

Tukamsaidia. Deo akawa anaandika majina kwenye vyupa kabla Mzee hajavigusa. Mimi nilifika mapema narudia kazi yote ya jana. Akiitwa wodini tunasema yuko bize, anakwenda Deo. Daktari Kaiza, daktari wetu wa wakati ule, kijana kutoka Bukoba na mtu wa haraka, aliuliza mara mbili, “Mzee mzima?” na mara mbili nikajibu, “Mzima, Daktari, uzee tu.” Mzee alikuwa na miaka hamsini na mbili.

Katikati ya hayo akaja mkaguzi kutoka mkoani. Alipekua daftari letu siku nzima, akaandika kwamba tangu aanze kuzunguka hajaona maabara yenye hesabu safi kama hii ya Mzee Ishengoma. Barua ikasomwa mbele ya wafanyakazi wote. Mzee akasimama kupokea makofi, ameshika ukuta. Deo akapiga makofi kuliko wote. Mimi nilitazama chini, nikaona vile viatu.

Miezi minane. Kisha asubuhi moja, amekaa kwenye kigoda, mkono wake wa kulia ukaanza kuruka wenyewe. Punje zikaruka zikamwagika sakafuni, halafu mwili wote, akaanguka nazo. Deo akamshika kichwa, mimi nikakimbia kumwita Daktari.

Mzee alipozinduka alikuwa kitandani na alikuwa na amri tayari. “Nichomeni mgongo. Mama Adela ahesabu. Kama askari ni wengi, ni uti.”

Daktari Kaiza alikuwa anamtazama ndani ya macho kwa kile kitochi chake. Akakizima. “Sikuchomi, Mzee. Mishipa ya macho imevimba, kwa hiyo ndani ya kichwa kumejaa kupita kiasi. Nikifungua maji chini, ubongo utashuka ukajiziba kwenye tundu la shingo, nikuue kwa sindano ya kupima.”

“Basi kuna uvimbe.”

“Nadhani kuna uvimbe.”

Hili likariri wewe unayesoma, maana ndilo swali la kwanza kabla hujapokea maji ya uti ya mtu yeyote mwenye dalili kama hizo: macho yametazamwa?

Daktari akatutoa nje, mimi na Deo. “Hii imeanza lini?”

“Wiki hii,” nikasema. Mimi, mama wa watoto watano, msomaji wa somo la kwanza kanisani.

Deo, mwenye mdomo, akatazama sakafu.

“Mishipa haivimbi hivyo kwa wiki moja,” Daktari akasema. Hakupaza sauti. “Jicho la kushoto linapoteza nuru. Nauliza tena.”

Nikaenda nikaleta daftari. Nikamwonyesha misalaba, ukurasa kwa ukurasa. Alifungua taratibu, na yeye ni mtu wa haraka. Alipofika kwenye ule wa kwanza wa masika akalifunga.

“Mngeniambia hapa,” akasema, “uvimbe ungekuwa uvimbe tu, sikudanganyi. Lakini jicho ningelitetea.”

Nilikwenda kuungama Jumamosi. Padre alinipa rozari tatu. Nilizisali zote na kila punje nilikuwa najua inahesabu nini.

Alipelekwa Dar es Salaam, akasindikizwa na mkewe na Deo: basi mpaka Bukoba, meli mpaka Mwanza, halafu treni. Sisi tuliobaki tukasali. Wakatoliki tulifanya novena, Walutheri wakafunga siku tatu. Baada ya miezi miwili Mzee akarudi anatembea. Akashuka Omurushaka kwenye basi kwa miguu yake mwenyewe, kichwa kimenyolewa, kovu kama kwato ya farasi, akamtania kondakta. Njiani walikula ndizi na nyama, akaongeza sahani. Kanisani kwetu tukapiga vigelegele. Kwao wakaimba mpaka saa saba mchana. Kila upande ulijua ni sala za nani.

Kesho yake akaja maabara, akaketi, akatoa mfukoni vitu viwili: kichupa cha vidonge na kiberiti. Ndani ya kiberiti, kwenye pamba, slaidi.

“Mmeshashukuru Mungu?” akauliza.

“Tumeshukuru, waitu.”

“Vizuri, endeleeni. Lakini makanisa mawili yanagombea kichwa kimoja, na ndani ya kichwa kuna jeshi la upande wa tatu. Njooni mlione. Wamenipa kipande changu.”

Uvimbe wote haukutoka, alituambia. Walipunguza, wakachukua kipande cha kupima. Akawa msumbufu kwa yule daktari wa kusoma vipande mpaka akaketishwa kwenye hadubini kama mwanafunzi. Sasa akataka kutufundisha. Akapeleka jicho la kushoto kwenye hadubini kwa mazoea. Akatulia hivyo kidogo. Halafu akahamia la kulia, shingo imepinda vibaya, kama mtu anayechungulia nyumba ya jirani.

“Mama Adela, tazama. Hizo nyeusi nyeusi zisizo na umbo, zimesongamana?”

“Naziona.”

“Hao ndio wenyewe, uvimbe. Sasa katikati yao, na kando ya mishipa ya damu.”

Nikatazama muda mrefu. “Hawa nawajua,” nikasema. “Hawa ni askari.”

“Chukua makopo. Wao kopo hili, askari kopo lile. Wengine rangi haiwatenganishi, hao waache.”

Nikahesabu mpaka jua likahama dirisha. Tulipomwaga mezani, rundo la askari halikuwa dogo. Ukilitazama kwa mbali ungesema ni ndugu wawili, mkubwa na mdogo.

“Askari wengi hivi,” Deo akasema, “basi Mzee unashinda. Si ulisema askari haji bure?”

“Ndivyo nilivyomwambia yule daktari. Akanicheka kwa upole. Anasema wanakuja kweli kwa ajili ya vita. Wengine wenyeji wa ubongo, wengine wanatoka kwenye damu. Wakifika, uvimbe unawasemesha kwa dawa zake, wanasahau walichokuja kufanya. Wanaanza kuuhudumia. Wanatoa vitu vya kuukuza, wanaufungulia njia upenye mbele, wanausaidia kuvuta mishipa mipya ya damu, na mishipa ile inavuja, maji yanajaa, kichwa kinabana. Anasema wakubwa wa elimu hii bado wanabishana. Yeye kwa alivyoona, wengi mle hawapigani.”

“Kama sungusungu,” Deo akasema, “wametumwa kumkamata mwizi, wakakuta anachoma nyama.”

“Sawasawa. Wakala, wakabaki kumlindia mlango.”

“Na vidonge?” nikauliza. “Si vinaua uvimbe? Umepona, unakula.”

“Vidonge haviugusi uvimbe hata kidogo. Vinawalaza askari na kuziba uvujaji. Maji yanapungua, kichwa kinapumua, mimi naongea na nyinyi. Miaka yote nawafundisha watu kufurahi askari wakija. Leo natembea kwa sababu askari wangu wamelala.” Akacheka peke yake. “Mkaguzi asisikie.”

Kisha akasema, “Sasa nionyeshe misalaba.”

Sikujua nani alimwambia. Nikalifungua daftari. Alilisogeza karibu na jicho la kulia, akapita ukurasa baada ya ukurasa, kidole kinagusa kila msalaba. Ilichukua muda. Alipomaliza akatazama yale marundo mawili mezani, halafu akatutazama sisi wawili tuliosimama upande huu na huu wa kigoda chake.

“Mlinilinda vizuri sana,” akasema.

Deo akatoka nje kwenda kuosha vyupa vilivyokuwa vimeshaoshwa.

“Nisamehe, Mzee,” nikasema.

“Nimekusamehe. Mimi ni Mlutheri, sina rozari ya kukupa. Nitakupa kazi.”

Kesho yake, anahesabu slaidi ya malaria, mkono wa kushoto ukaingia kwenye kopo. Akachukua punje, akaiweka mdomoni, akaitafuna kwa sauti. Nikasimama. Akatafuna ya pili. Alikuwa ananitazama kwa lile jicho la kushoto lisiloona, na alikuwa anasubiri.

“Mzee,” nikasema.

“Naam.”

“Kahawa.”

“Kahawa imefanya nini?”

Walikuwepo wauguzi wawili na mgonjwa mlangoni. Kwetu mwanamke hamwambii mtu mzima mbele za watu kwamba amekosa, unamwambia mke wake, mke wake akiona inafaa atamwambia baada ya siku tatu.

“Umekula hesabu, Mzee.”

“Sema wasikie.”

“Umekula hesabu, Mzee Ishengoma. Rudia.”

“Ahsante,” akasema, akarudia.

Alinifanyia hivyo kila siku. Mara kahawa, mara anaandika jina la Deo kwenye chupa ya mgonjwa, mara anageuza slaidi chini juu. Siku za kwanza nilisema nimeshika meza. Baadaye nikasema nikiosha mikono. Deo akanogewa, akawa anamkosoa hata kwa mambo ambayo hakukosa, Mzee akamwambia sheria haisemi kuzua. Wauguzi walidhani tumekosa adabu wote watatu. Sista alisema angalau sasa maabara inasema ukweli wa kila mtu, akanusa mikono yake.

Yalikuwa majuma kumi na kidogo. Vidonge vilimvimbisha uso, akawa kama mtoto mnene. Daktari Kaiza alipandisha dozi, ikasaidia, akapandisha tena, ikasaidia kidogo. Wewe umesoma kuliko mimi, unajua kwamba kuwalaza walinzi si kumtoa mwizi.

Siku ya mwisho ilikuwa ya jua zuri, kioo kimelinasa lote. Mzee alikuwa anahesabu damu ya mama mmoja mjamzito. Mkono wa kushoto ukaingia kwenye kopo, ukatoka, ukaenda mdomoni.

“Umekula hesabu, Mzee,” nikasema, bila hata kugeuka, nilikuwa napanga vyupa.

Hakusema ahsante.

Nikageuka. Alikuwa amefungua kiganja, anatazama punje mbili zilizobaki mle. Akaigusa kwa ulimi ile iliyokuwa mdomoni, akaitoa, akaiweka na zile mbili. Alizitazama tatu zile kama mtu anayesoma barua.

“Safari hii sikujua,” akasema.

Deo alikuwa mlangoni na ndoo. Hakuna aliyesema ni uzee. Hakuna aliyesema ni mawazo.

Mzee akazirudisha punje kwenye kopo, akafuta meza kwa mkono wa koti, akainuka akishika ukuta. Akakipiga kigoda vumbi, akakisogeza upande wangu.

“Rudia hiyo slaidi,” akaniambia. “Yule mama anasubiri damu.”

Nikaketi. Nikaweka jicho. Nilimsikia anainama mlangoni kama kawaida yake, halafu sikumsikia tena pale. Mkewe alimpeleka Muleba kabla ya mwezi kwisha, na huko akazikwa, nasi tukaenda na gari la hospitali, Wakatoliki na Walutheri tumebanana, tunaimba nyimbo tunazozijua wote, ambazo ni mbili.

Makopo nimekuachia chini ya meza, upande wa sinki. Mashine ya kuhesabia mnayo siku hizi, najua, lakini sheria bado iko ukutani na mwandiko bado unasomeka. Karatasi hizi zisome, halafu umpe mwenzako wa zamu, naye ampe wa Kaisho au popote atakapohamishiwa, asifiche hata pale mimi nilipoficha. Na kama humo ndani umeona mahali nimekosea hesabu, usinirekebishie kimyakimya kwa penseli. Njoo Nyabiyonza uniambie, hata kama utanikuta na wageni.